Pl@ntNet mbele ya jani lililogeuka rangi

Jani jekundu lililookotwa chini ya mti wa mapambo laweza kuwa la mepo (Acer), la Liquidambar, la mwaloni au la mpea wa mapambo. Miti yote hiyo hupandwa kwenye bustani na kando ya barabara za nchi za baridi kwa sababu mojawapo hii: wiki chache za rangi kabla majani hayajapukutika. Pl@ntNet ni programu ya simu ambayo wengi huielekezea jani la namna hiyo. Ilitokana na mradi wa utafiti ulioanza Ufaransa mwaka 2009, ukiendeshwa na taasisi za CIRAD, INRAE, Inria na IRD pamoja na mtandao wa wanabotania wa Tela Botanica, na toleo la simu likatoka 2013. Haitozi chochote. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kutaja mti wa mapambo kwa majani yake wakati yamekwisha kubadilika rangi.

Kwa kazi hiyo inastahili nyota nne kati ya tano, mradi anayeshika simu ajue inapoishia. Kufikia jenasi, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, ni hodari. Kufikia spishi hutegemea picha ulizoilisha. Kuhusu aina zilizoteuliwa vitaluni, zile zenye jina la kibiashara kwenye kibandiko, usiisumbue kwa jani peke yake.

Matumizi yake ni mepesi. Unachagua flora, yaani orodha ya mimea ya eneo fulani, unapiga picha, kisha unaieleza picha hiyo ni ya kiungo gani: jani, ua, tunda, gome au mti mzima. Inarudisha orodha ya spishi, kila moja ikiwa na alama yake kwa asilimia na picha za kulinganisha. Makosa mawili hufanyika hapahapa mwanzoni. La kwanza ni kuiacha kwenye flora ya eneo ulilosimama. Orodha hizo zimeegemea mimea inayoota yenyewe porini, ilhali mti wa mapambo mara nyingi umeletwa kutoka bara jingine. Mepo wa Japani uliopandwa Ulaya unaweza kukosa nafasi kwenye orodha hiyo, na programu itakupa jirani yake anayefanana naye. Chagua flora ya dunia nzima. Kosa la pili ni kutofungua matokeo kwa jenasi. Programu ikikuonyesha spishi tatu za Acer, kila moja na alama ndogo, wengi hudhani imeshindwa. Haijashindwa: imesema kwa uhakika mkubwa kwamba huu ni mepo, na imekiri kwamba picha haitoshi kwenda mbele zaidi. Hilo ni jibu la kweli, na afadhali hilo kuliko jina moja lenye alama kubwa ambalo umelipata kwa picha ya jani bovu.

Alama hizo zenyewe zisomwe kwa uangalifu. Asilimia 80 haimaanishi kwamba mara nane katika kumi jina ni sahihi kwa mti wako. Maana yake ni kwamba, kati ya spishi ambazo programu inazijua kwenye flora uliyoichagua, hii ndiyo inayofanana zaidi na picha yako. Kama mti wako ni chotara wa bustani ambaye hayumo, alama itakwenda kwa mmoja wa wazazi wake bila onyo lolote.

Picha inayofaa

Wakati wa rangi, picha mbaya hudhuru kuliko wakati wa kijani. Kamera ya simu huzidiwa na wekundu wa jua kali: sehemu nyekundu inajaa, mishipa inafutika, meno ya ukingo yanayeyuka, na linabaki doa lenye umbo la jani. Programu haina cha kusoma hapo. Kaa kivulini au ngoja wingu, gusa jani kwenye skrini kisha punguza mwanga mpaka mishipa ionekane. Usitumie taa ya simu, hasa kwa majani yang'aayo na yaliyolowa umande.

Weka jani juu ya karatasi nyeupe, likunjuliwe, lijaze fremu, na kikonyo chake kionekane mpaka mwisho. Piga upande wa juu, kisha geuza upige upande wa chini. Upande wa chini huachwa na wengi, na ndio unaotoa siri: weupe wa fedha, manyoya, vishungi vidogo kwenye kona za mishipa. Chukua majani matatu hadi matano kutoka katikati ya matawi tofauti. Majani ya machipukizi yanayotoka kwenye shina au chini ya mti huwa makubwa kupita kiasi na umbo lake si la kawaida. Yanadanganya programu na yanadanganya watu. Kama jani limejikunja kwa ukavu, libane kati ya kurasa za gazeti kwa siku moja ndipo ulipige.

Halafu ongeza picha ya kitawi chenye majani yakiwa bado yameshikwa. Picha hii ina thamani kuliko majani matano yaliyookotwa, kwa kuwa jani lililoanguka limepoteza habari kubwa kuliko zote, yaani lilikaaje kwenye kitawi. Zaidi ya hapo, upepo huchanganya: jani lililo chini ya mti si lazima liwe la mti huo.

Jozi au kupishana

Kabla hata ya kufungua programu, tazama kitawi. Ama majani yanatoka mawilimawili, yakitazamana kwenye kifundo kimoja, ama yanapishana, moja huku na jingine mbele kidogo upande wa pili. Kundi la kutazamana ni dogo miongoni mwa miti ya mapambo: mepo wote, Fraxinus, Aesculus, Cercidiphyllum, Catalpa (wakati mwingine matatu kwa kifundo), Euonymus, na karibu Cornus wote isipokuwa wachache kama Cornus controversa na Cornus alternifolia. Waliobaki wengi hupishana. Sekunde tano za kutazama zinaweza kuondoa majina mengi kwenye orodha ambayo programu itakupa, na kama jina la kwanza kwenye orodha linakiuka mpangilio uliouona kwa macho, lifute bila kulionea huruma hata likiwa na alama ya juu.

Jani lenye vijijani vingi nalo lina mtego wake. Katika majira haya vijijani vya Fraxinus au vya Sorbus huanguka kimoja kimoja, na kila kimoja huonekana kama jani kamili. Tafuta chipukizi, kile kijicho kitakachotoa majani mapya. Chipukizi hukaa mahali kikonyo cha jani kinapokutana na kitawi. Hakuna chipukizi chini ya kijijani. Ukiona "majani" yamepangwa kwenye kijiti laini kisicho na chipukizi hata kimoja, basi kijiti chote hicho ni jani moja, na ndicho kinachopaswa kuingia kwenye picha.

Kwa nini rangi ni shahidi wa mwisho

Njano na machungwa hutokana na karotenoidi, ambazo zilikuwamo ndani ya jani tangu lilipokomaa, zikifunikwa na klorofili, rangi ya kijani ya jani. Siku zinapofupika mti huivunja klorofili na njano hutokeza. Nyekundu na zambarau ni jambo jingine: anthosianini hutengenezwa wakati huohuo, kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na huhitaji mwanga. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huziongeza. Mawingu na mvua za mfululizo huzipunguza. Kahawia ya mialoni hutokana na tanini zinazobaki mwisho.

Kwa mtu anayetafuta jina la mti, habari hiyo ina uzito wa kazi. Mti mmoja unaweza kuwa mwekundu upande wa jua na wa njano upande wa kivuli. Mwaka huu unawaka, mwakani unafifia. Kwa hiyo picha mbili za mti uleule zilizopigwa pande mbili zinaweza kuleta orodha mbili tofauti, na lawama isiende kwa programu peke yake. Njano inaaminika zaidi kidogo kuliko nyekundu. Ginko huwa wa njano ya dhahabu kila mwaka, na haukosewi kamwe: jani la umbo la kipepeo cha mkono, mishipa inayogawanyika mbilimbili, hakuna mshipa wa kati. Liriodendron naye ni wa njano, na ncha ya jani lake ni kama imekatwa kwa mkasi. Kwa hao wawili programu inatosha, endelea na safari yako.

Jihadhari pia na miti ambayo ni myekundu msimu wote. Acer platanoides 'Crimson King' ana majani ya zambarau iliyokolea tangu yanapochanua mpaka kiangazi chote, na mtu akikutana naye mwanzoni mwa majira ya kupukutika hudhani tayari amegeuka.

Jozi zinazochanganya, na namna ya kuzitenganisha

Liquidambar styraciflua na mepo. Hii ndiyo jozi inayosumbua watu wengi kuliko zote. Majani yote yana vidole vilivyochongoka kama nyota, yote huwa mekundu, machungwa na zambarau, hata kwenye mti mmoja. Liquidambar hupisha majani. Mepo huyapanga kwa jozi. Ponda jani la Liquidambar utasikia harufu ya ubani. Tunda lake ni mpira mgumu wenye miiba, nao huning'inia mpaka baridi kali, wakati mepo hutoa mbegu zenye mabawa mawili. Vitawi vya Liquidambar mara nyingi vina kingo za gamba laini kama kizibo, lakini usitegemee dalili hiyo peke yake kwa kuwa Acer campestre pia huweza kuwa nazo. Ukiongeza picha ya tunda kwenye picha ya jani, Pl@ntNet hutulia palepale. Na kuna aina ya bustani, 'Rotundiloba', ambayo ncha za vidole vyake ni za mviringo. Kwa huyo jani peke yake ni taabu tupu.

Acer platanoides na Acer saccharum. Umbo la jani linakaribiana mno, na hapa ndipo kamera inapofika ukingoni. Kata kikonyo karibu na kitawi, ubinye: kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, ni platanoides, ukiwa mwangavu kama maji, elekea saccharum. Jaribio hili lifanywe kwa jani lililo bado mtini. Jani linapokaribia kuanguka, mti huliziba kwenye shingo ya kikonyo na utomvu hukauka, kwa hiyo kukosekana kwa maziwa kwenye jani lililookotwa hakuthibitishi chochote. Hapo nenda kwenye chipukizi la ncha ya kitawi: la saccharum ni jembamba, kahawia, limechongoka kama sindano; la platanoides ni nene, butu, lenye wekundu au ukijani. Mbegu nazo husema. Mabawa ya platanoides hutanuka karibu mstari mmoja ulionyooka. Ya saccharum huinama kama herufi U. Rangi ya kawaida ya platanoides ni njano, na huchelewa kugeuka. Machungwa yanayowaka ni ya saccharum.

Acer rubrum, Acer saccharinum na chotara wao. Rubrum ana vidole vitatu hadi vitano, mapengo kati yake ni mafupi na yana umbo la V, ukingo umejaa meno, kikonyo mara nyingi ni chekundu. Saccharinum amechanwa kwa kina na upande wake wa chini ni wa fedha. Hugeuka njano iliyopauka. Chotara wao, Acer × freemanii, hukaa katikati kwa kila kitu, na aina yake maarufu 'Autumn Blaze' imepandwa barabarani kwa wingi kwa sababu ya wekundu wake. Ukiona programu inagawa alama zake kati ya rubrum na saccharinum bila kuamua, na jani lina wekundu mkali pamoja na mipasuko ya kina, fikiria freemanii kwanza.

Acer pseudoplatanus na Platanus. Majina yenyewe yanakiri kufanana. Mepo huyu ana majani ya jozi na chipukizi la kijani linaloonekana. Platanus hupisha, na chipukizi lake halionekani kabisa mpaka ung'oe jani: limefichwa ndani ya kitako cha kikonyo, ambacho ni tupu kama kofia. Gome la Platanus hubanduka vipande na kuacha mabaka. Piga picha ya gome. Kwa mti huu ni ushahidi kuliko jani.

Cercidiphyllum japonicum na Cercis. Majani yote yana umbo la moyo, na jina Cercidiphyllum maana yake ni jani kama la Cercis. La kwanza hukaa kwa jozi na ukingo wake una meno madogo ya mviringo. La pili hupishana na ukingo wake ni laini. Majani ya Cercidiphyllum yaliyoanguka hutoa harufu ya sukari iliyoungua, inayotokana na kemikali iitwayo maltoli, na harufu hiyo hukufikia kabla hujauona mti wenyewe. Hakuna simu inayoweza kukusaidia hapo, pua inatosha.

Pyrus calleryana na Prunus. Mpea huu wa mapambo hubaki wa kijani muda mrefu kisha hugeuka nyekundu iliyokolea hadi zambarau, jani likiwa na ng'aro kama limepakwa mafuta. Prunus sargentii hutangulia, akiwa machungwa na wekundu. Kwenye kikonyo cha Prunus, karibu na bapa la jani, kwa kawaida kuna vinundu viwili vidogo kama vichwa vya pini, Pyrus hana. Gome la Prunus lina mistari ya kulala inayozunguka shina. Picha ya karibu ya vinundu hivyo huenda isiisaidie programu kitu, lakini wewe umeshapata jibu.

Mialoni myekundu: Quercus rubra, coccinea, palustris. Hapa Pl@ntNet huyumba, na kwa haki, maana hata mafundi huhitaji tunda. Wote watatu wana vidole vyenye unywele mgumu kwenye ncha. Rubra hakuchanwa kwa kina. Coccinea na palustris wamechanwa karibu kufikia mshipa wa kati. Geuza jani: palustris ana vishungi vya manyoya vinavyoonekana wazi kwenye kona za mishipa, na kikombe cha tunda lake ni kifupi kama kisosi. Kikombe cha coccinea ni kirefu, hufunika theluthi hadi nusu ya kokwa. Matawi ya chini ya palustris huinamia ardhi, kwa hiyo picha ya mti mzima nayo ina faida.

Metasequoia na Taxodium. Hii ni miti izaayo koni inayopukutisha majani, na yote miwili huwa rangi ya shaba. Metasequoia hupanga vijiti na vijijani vyake kwa jozi, Taxodium hupishanisha. Kwa umbali wa kawaida picha haionyeshi tofauti hiyo. Sogea mpaka kijiti kimoja kijaze fremu.

Pale ambapo simu itangulie mkono

Kuna kundi moja ambalo ushauri wa kuponda na kunusa lazima usubiri. Rhus typhina, mti mdogo wenye vijijani vingi vyenye meno na vitawi vyenye manyoya kama kitambaa cha mahameli, huwa mwekundu wa kupendeza na hupandwa bustanini. Jamaa zake wa jenasi ya Toxicodendron huwa wekundu vivyo hivyo, nao utomvu wao huwasha ngozi na kuleta malengelenge. Vijijani vya Toxicodendron vernix vina kingo laini zisizo na meno, na matunda yake meupe huning'inia, wakati ya Rhus typhina ni mekundu na husimama wima kama mshumaa. Ukikutana na mti mwekundu wenye vijijani usioujua, piga picha bila kugusa, soma matokeo, hakikisha kingo na manyoya kwa macho, ndipo uamue kama utaukata kikonyo. Kwa kazi hii ya tahadhari programu inastahili sifa kamili.

Isichokupa

Aina za vitaluni ndizo pengo kubwa. Acer rubrum 'October Glory' na 'Red Sunset' ziliteuliwa kwa ajili ya rangi na wakati wa kugeuka, na tofauti zake huonekana kwa kutazama miti kwa wiki kadhaa, kando kwa kando. Jani moja haliwezi kuzibeba tofauti hizo. Kama unataka kununua mti ufanane na uliouona, peleka jina la spishi kitaluni, eleza tarehe uliyouona ukiwa na rangi kamili, kisha uchague mti ukiwa na majani yake ya rangi. Miche ya Acer palmatum iliyooteshwa kwa mbegu hutofautiana sana. Iliyobebeshwa ndiyo hufuata rangi ya mama yake.

Seek, programu iliyotoka 2018 ya watu wa iNaturalist, mtandao ambapo watu huweka na kuthibitisha picha za viumbe, ina tabia moja inayofaa kuigwa: isipokuwa na uhakika husimama kwenye jenasi au familia na kukuambia hivyo. Kwa anayeanza hiyo ni salama. Ila ukitegemea iNaturalist yenyewe ili watu wakuthibitishie jina, fahamu kwamba mti uliopandwa huwekwa kwenye daraja la chini kuliko wa porini, na wachangiaji wachache huupitia. Kwenye Pl@ntNet unaweza kuwasilisha uchunguzi wako, na wengine wakalipigia kura jina. Ukifanya hivyo, kagua kwanza kama unataka mahali picha ilipopigwa paonekane, hasa ikiwa mti uko uani kwako.

Ukichelewa na majani yakawa yamekwisha anguka yote, kitawi bado kina la kusema. Kila jani huacha kovu dogo, na makovu hayo hubaki yakitazamana au yakipishana kama majani yalivyokuwa. Kata kitawi cha urefu wa kiganja, kiweke kwenye karatasi nyeupe pamoja na jani bora ulilopata chini na tunda lolote lililobaki. Kama kovu halikubaliani na jani, umeokota jani la mti wa jirani. Rudi utafute jingine.